Siku Niliyokataa Kumrusha Shangazi

Kulala mchana Woodley ni kazi inayohitaji vifaa. Nyumba ninayopanga ni zile za zamani, kuta nene na ua wenye miti, na ukiipita barabarani unaweza kudhani wanaokaa humo hawajui kelele ni nini. Kumbe jirani yangu wa kushoto anaongeza chumba kila mwaka, na fundi wake huanza kugonga mawe mara tu aonapo pazia langu limefungwa. Kulia kuna kwaya. Sijui ni ya kanisa gani, ila najua wanaume wa sauti ya nne bado hawajakubaliana wimbo uanzie wapi. Na katikati ya hao wote hupita mnunuzi wa vyuma vikuukuu na kipaza sauti chake, akiulizia betri mbovu kana kwamba ninazificha chini ya mto.

Mimi ni rubani msaidizi. Ndege zetu ni za mapangaboi, si kubwa, tunakwenda Kisumu, Lodwar, Malindi na kurudi, na kuna siku tunakwenda kote huko na kurudi. Kazi hii haina asubuhi yake wala jioni yake. Leo unaamka kabla ya majogoo, keshokutwa unaingia kazini watu wakitoka, kwa hiyo usingizi unaulala pale unapoupata, kama mtu anayeokota maembe yaliyoanguka.

Mapazia yaliponishinda nilishuka River Road kutafuta ile nailoni nyeusi, nene, wanayotandika mafundi chini ya msingi wa nyumba. Mwenye duka akanipimia huku akinitazama nguo.

"Unajenga wapi, madam?"

"Sijengi. Nataka kulala."

Akaacha kupima. "Ulale ndani ya nailoni?"

"Niitundike dirishani. Mimi hulala mchana."

Akamwita mwenzake aliyekuwa nyuma akihesabu misumari. "Hebu kuja usikie hii." Mwenzake akaja, akasikia, akafikiri kwa makini, kisha akasema kama ni dirisha la mbao basi nisinunue misumari mikubwa, itapasua fremu. Ndiyo biashara ya River Road. Ukitaja shida yako, mtu anakuuzia kipimo chake.

Nailoni ilisaidia macho. Masikio yalibaki na kelele.

Wa kunielewa vibaya kabisa katika jambo hili alikuwa shangazi yangu. Yeye ni dada mkubwa wa baba, na ndiye aliyenilea tangu nilipoletwa Nairobi kutoka Vihiga kuanza sekondari. Anaishi Mutuini, kwenye kipande cha shamba alichonunua wakati watu wakimcheka kwamba amekwenda kukaa na ng'ombe. Sasa amezungukwa na nyumba za kupangisha, na wale waliomcheka wanamuuliza kama ana chumba. Anashona sare za shule na magauni ya harusi, na cherehani yake huanza kulia kabla kuku hawajafunguliwa.

Kwa shangazi, kuchoka ni jambo la miguu. Anayelima huchoka. Anayebeba mawe huchoka. Hata anayeuza mitumba soko la Toi, kwa sababu amesimama, ana ruhusa ya kuchoka. Lakini mimi?

"Sasa wewe unachoka nini, na umekaa tu?"

"Anti, ni akili inayochoka."

"Akili! Na nilisikia kwa redio ndege inajiendesha yenyewe."

"Inajiendesha, lakini lazima mtu aiangalie."

"Basi hiyo ni kama kuangalia maziwa yasifurike," akasema. "Mimi nimeangalia maziwa miaka hii yote. Hujanisikia nikilala mchana."

Nilipolala kwake mchana, na nilifanya hivyo mara nyingi kwa sababu Mutuini kuna utulivu kuliko Woodley, alikuwa akifungua mlango taratibu kuniangalia kama napumua. Mara moja niliamka nikakuta akina mama wawili wa kanisani wamekaa kitandani, mikono yao juu ya miguu yangu, wakiniombea. Shangazi alikuwa amewaambia nina ugonjwa wa usingizi na madaktari hawauoni.

Hata hivyo alijivunia kazi yangu mpaka nikaona aibu. Kila ndege iliyopita juu ya Mutuini ilikuwa yangu. Na alikuwa na ndoto moja, ambayo hakuifanya siri: siku moja apande ndege, na ndege hiyo iendeshwe na mimi.

Basi mwaka jana mtoto wa dada yake akapata mchumba kule Kakamega, na siku ya kupeleka mahari ikapangwa. Shangazi na wenzake watatu wa kanisani wakaamua hawataki kukaa kwenye basi kutwa nzima. Watapanda ndege mpaka Kisumu, kisha wachukuliwe na gari. Nikaangalia rosta yangu. Kweli, Ijumaa ile mchana, ndege ya Kisumu ilikuwa yangu.

Nilipompigia kumwambia, hakunijibu mimi. Nilisikia akipiga kelele kwa wapangaji wake: "Mtoto wangu ndiye atanipeleka!" Kufikia Jumapili, kanisa lote lilikuwa linajua. Mchungaji aliwaombea wasafiri, kisha akaniombea mimi peke yangu, mikono na macho na masikio. Shangazi akashona sare za vitenge za zambarau kwa wote wanne, mabega yamesimama juu kama yenyewe yanataka kuruka.

Wiki yenyewe ndiyo iliyoharibika. Ilianza na safari za alfajiri, katikati ikageuka ya jioni, halafu ikarudi alfajiri kabla mwili wangu haujajua umefika wapi. Siku niliyotakiwa kupumzika nilikuwa stendibai, maana yake unakaa nyumbani ukiwa umevaa nusu sare, unaitazama simu. Simu ikalia. Mpanga ratiba wetu ni kijana mpole sana, na upole wake ndio hatari, kwa sababu kila kitu kwake ni kidogo.

"Sasa? Mambo?" akasema. "Kuna kasafari kadogo tu ka Lodwar."

Kasafari hako kalikutana na mvua, kakasubiri, kakazunguka, kakarudi na watu waliokuwa wamechoka kuliko mizigo yao. Saa za mapumziko baada ya hapo zilitosha kisheria. Naomba nilieleze hili vizuri, kwa sababu ndipo ugomvi wetu wote ulipo. Sheria inahesabu kuanzia unapomaliza kazi mpaka unaporipoti tena. Haihesabu ile Ngong Road, haihesabu kuoga, kula, kupiga sare pasi, wala kulala macho wazi huku ubongo ukikuambia ni mchana. Kwenye karatasi nilikuwa nimepumzika vizuri. Kitandani nilikuwa nimesikiliza fundi wa jirani.

Ijumaa asubuhi tulikwenda Malindi kwanza. Kepteni wangu siku hiyo alikuwa mzee wa kutoka Dagoretti, mwenye masharubu meupe na ng'ombe wa maziwa ambao anawazungumzia kuliko watoto wake. Nampenda kuruka naye. Hana haraka na hapigi kelele.

Kwenda tulikwenda salama. Tulipokuwa tunarudi, tumekaribia Nairobi, waongozaji wa anga wakatuambia tushuke mpaka kimo fulani. Nikakirudia kwa redio sawasawa, neno kwa neno. Halafu mkono wangu ukaenda ukaweka kwenye mtambo namba nyingine kabisa, ya chini zaidi, na nikairidhia kama mtu aliyefunga mlango wake mwenyewe.

"Hiyo umeitoa wapi?" kepteni akauliza.

Nikaitazama. Akairekebisha, nami nikasema pole, naye akasema pole ya nini, ndiyo sababu tuko wawili. Tukaendelea. Baada ya dakika chache akaniambia nisome orodha ya kutua. Nikaisoma, akajibu kila kitu. Punde akasema, "Haya, orodha ya kutua."

"Tumeshamaliza, Kepteni."

"Tumemaliza?"

"Sasa hivi tu."

Tulicheka. Tulicheka sote wawili, kwa sauti, halafu kicheko kikakatika mahali pamoja na hakuna aliyemtazama mwenzake. Tukatua vizuri. Abiria mmoja hata alipiga makofi.

Injini zilipozimwa, tulibaki tumekaa. Nje wahudumu walikuwa wanateremsha mizigo, na kwa mbali, kupitia kioo cha ukumbi wa abiria, niliona rangi ya zambarau. Wanne. Walikuwa wamefika mapema kupita kiasi, na mmoja wao alikuwa anapunga mkono kwa kila ndege iliyokuwepo, ikiwemo ambayo haikuwa na mtu.

Moyo wangu ukaanza kufanya hesabu za kipumbavu. Kisumu si mbali. Hali ya hewa ni nzuri. Nitakunywa kahawa mbili. Nimewaahidi. Nilisikia jinsi mawazo hayo yalivyokuwa yanakuja polepole, moja likisukuma jingine kama watu wanaotoka kanisani, na hapo ndipo nilipoogopa. Angani nilikuwa nimeshtuka tu. Hofu yenyewe ilinipata chini, injini zikiwa zimezimwa.

"Kepteni," nikasema, "mimi sitaweza hii ya Kisumu. Nimechoka vibaya."

Alivua miwani akaifuta kwa tai yake. Nilitegemea anishawishi.

"Nashukuru," akasema. "Nilikuwa nasubiri mtu aseme."

"Na wewe?"

"Mimi nimekuuliza orodha mara mbili, mama. Unataka niulize mara ya tatu nikiwa juu ya milima ya Mau?"

Kupiga simu ilibidi nipige mimi, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kusema. Mpanga ratiba alipokea kwa furaha.

"Mko poa? Kisumu iko tayari, imejaa."

"Haitakwenda na sisi. Mimi na Kepteni tumechoka, hatufai kuruka."

Nilisikia vidole vyake kwenye kompyuta. "Lakini saa zenu ziko sawa."

"Saa ziko sawa. Mimi ndiye siko sawa."

"Aki sasa nitawaambia nini? Sina watu. Si ungejikaza tu? Ni kakitu kadogo, kwenda na kurudi."

"Kama ni kadogo, kangoje."

Sijui nilitoa wapi jibu hilo. Akashusha pumzi, akasema atatafuta wengine, na kwamba rubani mkuu atataka kuniona. Nikamwambia najua.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Nikatembea mpaka ukumbini na kofia yangu mkononi. Shangazi aliponiona alisimama, akawasimamisha wenzake, na wakaanza kuniimbia. Ndiyo, mbele ya watu. Nikamshika mkono nikamvuta kando, karibu na mashine ya maji.

"Anti, sitawapeleka. Wanatafuta rubani mwingine."

Uso wake ukabadilika. "Umefutwa kazi?"

"Hapana. Nimekataa. Nimechoka."

"Nyamaza! Watu watasikia." Akaangalia nyuma. "Umechoka na nini? Nimekuona mimi mwenyewe ukitoka kwa ndege, umetembea vizuri. Nimeambia kanisa lote. Mchungaji amekuombea mikono!"

"Anti, huko juu nimeweka namba isiyo yake. Nimeisikia sawa, nimeisema sawa, na mkono ukaandika nyingine. Sikujua mpaka nilipoambiwa."

Nilidhani anatafuta maneno makali zaidi. Badala yake akainua mkono wake wa kushoto na kuutazama, kidole cha shahada, penye kovu jeupe karibu na ukucha. Nililijua kovu lile tangu nikiwa msichana lakini sikuwahi kuliuliza.

"Ilikuwa shule zinakaribia kufungua," akasema taratibu. "Nilikuwa na sare za watoto wengi. Sikusinzia. Macho yalikuwa wazi, nakwambia. Niliona sindano ikija, nikaona na kidole, nikashona vyote pamoja." Akakishusha kidole. "Na nilikuwa nimekaa."

Alinirekebishia kola, kama anavyowafanyia wateja, akarudi kwa wenzake.

Wakati huohuo tangazo likatoka kwamba ndege ya Kisumu imechelewa kwa sababu za kiufundi. Bwana mmoja mwenye koti la kijivu akainuka na kuanza kulalamika kwa msichana wa dawati. Kila siku ni ufundi, ufundi! Ni ufundi gani huo? Ana mkutano, ana watu wanamngoja, hii nchi haiwezi kuendelea hivi. Msichana wa dawati alikuwa anatabasamu ile tabasamu ya kulipwa mshahara. Na ndipo shangazi yangu, katika kitenge chake cha mabega marefu, akasimama katikati ya ukumbi.

"Hakuna ufundi!" akasema. "Rubani amechoka. Amesema ukweli kwamba amechoka. Wewe baba unataka kuendeshwa na mtu anayesinzia?"

Nilitamani sakafu inimeze na mashine ya maji pamoja nami. Ukumbi wote ukageuka. Yule bwana akafungua mdomo, akaangalia mabega ya shangazi, akaufunga. Mama mmoja akasema mume wake alitupwa mtaroni Salgaa na dereva aliyekuwa amelala macho wazi. Mwingine akasema hata daktari aliyemzalisha alikuwa anapiga miayo. Mzee fulani akasema enzi zake watu hawakuwa wanachoka, akaambiwa na mkewe aache uongo. Ukumbi ukawa baraza. Nusu ya watu walikuwa upande wetu, nusu walitaka tu kufika Kisumu, na wawili watatu walikuwa wanatafuta huyo rubani yuko wapi wamwone. Nikavaa koti juu ya sare na kutoka kwa mlango wa wafanyakazi.

Marubani wengine walipatikana, na ndege ikaondoka jua likiwa bado juu. Mimi sikwenda Woodley. Nilikuwa na ufunguo wa shangazi, na kuku wake walihitaji kulishwa, kwa hiyo nilichukua teksi mpaka Mutuini, kwani sikujiamini kuendesha hata gari langu. Nikawatupia kuku mahindi. Nikaingia chumba cha cherehani kutafuta blanketi, nikaona lundo la vitambaa vya sare vimekunjwa sakafuni, nikakaa juu yake nivue viatu. Sikumbuki kiatu cha pili.

Niliamka kesho yake jua likinipiga usoni, shavu langu lina alama ya mikunjo ya vitambaa vya sare. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa sauti wa shangazi kutoka Kakamega, nyuma yake vigelegele. Mahari imepokelewa. Nyama ni nyingi. Na mwisho kabisa akasema, "Huyo rubani mwingine anaendesha vizuri sana, hakuturusharusha hata kidogo. Jifunze kwake."

Rubani mkuu aliniita siku chache baadaye. Ni mtu anayependa kunyoosha kalamu zake mezani kabla hajaongea. Akaninyooshea zote.

"Una haki ya kukataa," akasema. "Hilo silipingi. Lakini huyu mama aliyehutubia abiria, unamfahamu?"

"Ni shangazi yangu."

"Nilidhani hivyo." Akasogeza kalamu moja. "Watu wa matangazo wamenipigia simu. Wanasema hawawezi tena kusema ufundi, abiria wanauliza kama ni ufundi wa mashine au wa mtu."

Sikujua kama nicheke. Naye nadhani hakujua. Kisha akaniuliza nimweleze wiki yangu ilivyokuwa, siku kwa siku, naye akawa anasikiliza kweli, bila kugusa kitu. Nilipofika pale wiki ilipogeuka mara ya pili alitikisa kichwa. Akasema alipokuwa msaidizi aliwahi kusinzia akashtuliwa na kepteni wake juu ya Garissa, na kwamba siku ile hakumwambia mtu yeyote. Alisema hivyo akiangalia dirishani, halafu akanirudisha kazini.

Siwezi kusema kampuni ilibadilika. Rosta za kugeuzwa kutoka jioni kwenda alfajiri ndani ya wiki moja zilipungua kwa muda, zikaanza kurudi kidogo kidogo msimu wa watalii, na wengine wetu tukaanza kuripoti uchovu kwa maandishi bila kungoja mpaka mkono uandike namba yake wenyewe. Mwenzangu mmoja aliacha kunisalimia kwa muda, kwa sababu ndiye aliyeitwa kutoka nyumbani kuniokoa Ijumaa ile, na ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa mwanawe. Sikumlaumu. Tatizo la kukosa watu wa kutosha ni kwamba ukisema ukweli, gharama yake inamwangukia mwenzako. Mwaka ule nafasi ya mafunzo ya ukepteni ilipewa mwingine pia. Sikuuliza kama ni kwa sababu hiyo. Nimeipata sasa, ya mwaka huu, na nimeacha kuwaza.

Mpanga ratiba naye bado anasema kasafari. Lakini siku hizi, kabla ya kutaja kasafari kenyewe, anauliza: "Umelala?" Mara ya kwanza alipouliza nilidhani amekosea namba.

Na shangazi alipanda ndege yangu hatimaye, miezi kadhaa baadaye, akienda kumwona mjukuu aliyezaliwa na wale waliooana. Nilikuwa nimepumzika vizuri. Hata fundi wa jirani alikuwa amekwenda kwao. Kisumu kulikuwa na upepo kidogo, nikaishusha ndege kwa upole ambao hata mimi ulinishangaza. Abiria walipoteremka nilimngoja chini ya ngazi, nikitegemea sifa. Alikuja ameshika pochi yake kwa mikono miwili, uso umenuna.

"Kumbe hata wewe hufungiwa ndani kama yule mwingine?" akasema. "Nimetoka Mutuini kuja kukuona ukiendesha, na nimeangalia mlango njia nzima."